Ekskaveta iliyotumika na misimbo ya injini: soma, pima, ndipo ununue spea

Taa nyekundu ikiwaka kwenye monita, swali la kwanza gereji nyingi ni "sensa gani hiyo?" Spea inaagizwa, inafungwa, na taa inabaki palepale. Msimbo hautaji kifaa kilichokufa. Unataja saketi au kipimo ambacho kompyuta ya injini haikuridhika nacho. Kati ya kompyuta na sensa kuna waya, plagi, ethi na umeme wa volti 5, na kwenye mashine iliyokwisha kufanya kazi miaka kumi nchi nyingine, hivyo vinne huharibika mara nyingi kuliko sensa yenyewe.

Hapa nitaitumia zaidi Komatsu PC200-8. Injini yake ni SAA6D107E-1, silinda sita, lita 6.69, ndugu wa damu wa Cummins QSB6.7. Undugu huo una faida: misimbo yake ya injini inayoanza na CA ni namba za Cummins zilizoongezewa herufi mbili mbele. CA559 ya Komatsu ndiyo 559 ya Cummins. Kwa hiyo ukikosa kitabu cha Komatsu, cha QSB6.7 kitakusaidia kwa sehemu kubwa ya kazi ya upande wa injini.

Kwenye mashine nyingine mantiki ni ileile, maandishi ndiyo yanayobadilika. Mfumo wa J1939, yaani lugha ambayo kompyuta za injini kubwa za dizeli huzungumza, unatoa namba mbili: SPN inataja kitu kinachopimwa, FMI inataja kilivyokosea. SPN 100 ni presha ya oili, 110 joto la maji, 102 presha ya hewa ya turbo, 157 presha ya reli ya dizeli (bomba nene linalotunza dizeli yenye presha kubwa kwa ajili ya nozeli zote), 190 mzunguko wa injini, 168 volti za betri, na 651 hadi 656 ni nozeli za silinda ya kwanza hadi ya sita. Caterpillar za kizazi cha 320D zina CID badala ya SPN, na namba nyingi zinafanana: 100, 110, 168 na 190 zina maana ileile. Huko 262 ni umeme wa volti 5 wa sensa, na MID 036 mbele ya msimbo maana yake taarifa imetoka kompyuta ya injini, si ya haidroliki.

FMI ndiyo wengi wanaipuuza, na ndiyo yenye maana zaidi. FMI 0 na 1 ni kipimo halisi kilichopita mpaka: 0 juu mno, 1 chini mno. Hapo sensa inafanya kazi yake na inakwambia ukweli. 110-0 ni injini imechemka, si sensa mbovu. FMI 3 na 4 ni mambo ya umeme: 3 volti ya ishara iko juu kuliko inavyowezekana, 4 iko chini. FMI 5 ni mkondo mdogo au saketi iliyokatika, 6 mkondo mkubwa au waya uliogusa ethi. FMI 2 ni ishara inayorukaruka. Ukiiona hiyo, tafuta plagi iliyolegea kabla ya kitu kingine chochote. FMI 7 ni kifaa cha kimakanika kisichoitikia amri. Fundi anayesema "imetoa 110" bila kutaja namba ya pili hajasema kitu, kwa sababu 110-0 inakupeleka kwenye rejeta na 110-3 inakupeleka kwenye waya.

Kabla ya kugusa boliti yoyote

PC200-8 haihitaji kifaa cha kusomea ili kutoa yaliyomo kichwani mwake. Washa ufunguo, subiri skrini ya kawaida, kisha shikilia kitufe cha namba 4 na huku umekishikilia bonyeza 1, 2, 3 kwa mfuatano. Unaingia menyu ya fundi. Ndani yake kuna ufuatiliaji wa vipimo vikiwa hai, kumbukumbu ya hitilafu, jaribio la kuzima silinda mojamoja, na kupiga stata bila kumwaga dizeli.

Kumbukumbu ya hitilafu imegawanyika: mambo ya kimakanika, ya umeme, na ya kiyoyozi. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujafuta wala kuchomoa chochote. Herufi E mbele ya msimbo maana yake hitilafu ipo sasa hivi. Isiyo na E ilikuwepo ikaondoka. Tofauti hiyo inaokoa siku nzima ya kazi, maana kuna watu wanaopima waya wa hitilafu iliyokwisha kurekebishwa Japani miaka mitano iliyopita.

Kwa anayenunua, ukurasa wa mambo ya kimakanika una thamani kuliko rangi mpya ya mashine. Humo utakuta B@BCNS, yaani maji ya injini yamechemka, B@BAZG, presha ya oili imeshuka, na B@HANS, oili ya haidroliki imechemka, pamoja na idadi ya mara na saa za mashine ilipotokea mara ya kwanza na ya mwisho. Kumbukumbu ya umeme inafutika hapohapo kwenye monita. Ya kimakanika haifutiki kwa njia hiyo. Sasa linganisha: ikiwa geji ya saa inasoma 6,200 na kumbukumbu inasema injini ilichemka mara ya mwisho kwenye saa 9,800, mazungumzo ya bei yaanze upya. Na ikiwa mashine ya miaka kumi na tano haina hata mstari mmoja, uliza kama monita imebadilishwa. Inawezekana kuna sababu nzuri, lakini mwenye mali ndiye aitoe.

Mashine inayokuonyesha namba kama E02, E10, E11, E14 au E15 katikati ya skrini inakupa maelekezo ya opereta tu. E15 ni tatizo la sensa za injini kwa jumla, E14 ni la mfumo wa resi, E10 ni la umeme unaolisha kompyuta ya injini. Usianze kupima kwa kutumia hizo. Ingia menyu ya fundi utafute msimbo wenyewe wa CA ulio nyuma yake.

Betri na ethi

CA441, volti za betri chini, inaonekana ndogo lakini huzaa misimbo mingine mitano. Mfumo ni wa volti 24. Betri mbili zilizolala usiku kucha zisome 25.2 au zaidi kidogo. Wakati stata inazungusha, ukiona zinashuka chini ya 18, usifuatilie msimbo mwingine wowote mpaka umalize hapo. Injini ikiwaka, altaneta itoe kati ya 27.5 na 28.5.

Kisha pima kinachopotea njiani. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, si kichwa cha waya), nyingine kwenye chuma safi cha bloku ya injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kebo ya ethi au boliti yake ina kutu. Fanya hivyohivyo upande wa chanya. Mashine zilizovuka bahari zina kutu ya chumvi chini ya vichwa vya kebo ambayo huioni mpaka ufungue. Safisha kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu.

Jambo la kuchomelea: kabla ya kuchomelea ndoo au boom, toa kebo ya hasi ya betri na uchomoe plagi za kompyuta ya injini, na ethi ya mashine ya kuchomelea ifungwe karibu kabisa na mahali unapochomelea. Mkondo ukipita kwenye kompyuta, msimbo wa CA111 utakaotokea, yaani hitilafu ya ndani ya kompyuta yenyewe, hauna dawa ya brashi.

Kipimo cha asubuhi

Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na hakina gharama. Mashine imelala tangu jana. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua ufunguo bila kupiga stata na uangalie vipimo vilivyo hai.

Joto la maji, joto la hewa inayoingia na joto la dizeli, kama mashine inavionyesha, vyote vinapaswa kuwa karibu sawa na joto la hewa ya nje, tofauti ya nyuzi tatu nne hivi. Ukiona maji 24, hewa 25 na dizeli 51, sensa ya dizeli au waya wake unadanganya, hata kama hakuna msimbo wowote uliotokea. Kompyuta haitoi msimbo kwa sensa inayodanganya ndani ya mipaka.

Presha vilevile. Injini imezimwa, kwa hiyo presha ya hewa ndani ya manifoldi lazima iwe sawa na ya anga. Sensa zinazosoma presha kamili zitaonyesha karibu kPa 100 ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, na karibu kPa 82 ukiwa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko. Sensa ya hewa ya turbo ikisoma 130 injini ikiwa haijawashwa, turbo haijafanya kosa lolote. Reli ya dizeli nayo isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma bar 80 wakati injini imelala usiku mzima, kompyuta itaendesha pampu kwa taarifa ya uongo siku nzima, na utapata moshi, kugonga, au injini inayopanda na kushuka resi bila sababu.

Mchezo wa 3 na 4

Msimbo ukiwa wa volti juu au volti chini kwenye sensa ya nyaya mbili, kama ya joto, unaweza kumpata mkosaji kwa kipande cha waya cha sentimita kumi.

Sensa ya joto la maji ni ukinzani unaopungua joto linavyopanda. Kompyuta inapeleka volti 5 kupitia ukinzani wake wa ndani, kisha inapima kilichobaki. Waya ukikatika, volti inabaki 5 yote, na unapata CA144, ishara juu. Waya ukigusa ethi, volti inaanguka hadi sifuri, na unapata CA145, ishara chini.

Tuseme una CA144 hai. Chomoa plagi ya sensa. Unganisha matundu mawili ya plagi ya upande wa waya kwa kipande chako. Fungua ufunguo. Msimbo ukibadilika kuwa CA145, waya na kompyuta ni wazima, sensa ndiyo imekufa. Nunua sensa kwa amani. Ukibaki CA144, waya umekatika mahali fulani, na sensa mpya haitabadilisha kitu. Ukianza na CA145, fanya kinyume: chomoa tu plagi. Ikigeuka CA144, sensa imepiga shoti ndani. Isipogeuka, waya wa ishara umegusa ethi njiani, mara nyingi pale unapopita chini ya klipu au karibu na egzosi.

Mchezo huu ni wa sensa za nyaya mbili peke yake. Sensa za presha zina nyaya tatu: volti 5, ethi na ishara. Ukiunganisha matundu kwa kubahatisha huko, unaweza kuishusha volti 5 inayolisha sensa nyingine zote, na kujitengenezea ugonjwa mpya.

Na hiyo volti 5 ina ugonjwa wake. Ukikuta misimbo mitano ya sensa tofauti imetokea kwa wakati mmoja, kwa mfano presha ya turbo, reli, presha ya anga na mzunguko, usiagize sensa tano. Tafuta CA352 au CA187 katikati yao. Hizo zinasema umeme wa kulishia sensa, wa kwanza au wa pili, umeshuka. Sensa moja iliyopiga shoti inavuta wenzake wote chini. Weka multimita kwenye waya wa volti 5 wa plagi yoyote ya kundi hilo, kisha chomoa sensa mojamoja huku ukitazama. Ile ambayo ukiichomoa volti inarudi 5 ndiyo yenyewe. Ukizichomoa zote na volti hairudi, kuna waya uliochubuka ukagusa bloku, au kompyuta ndiyo mgonjwa. Anza na waya kila mara.

Unapopima, usisukume ncha nene ya multimita ndani ya tundu la plagi. Inapanua bati la ndani, na kesho una FMI 2 uliyoileta mwenyewe.

CA559: presha ya reli iko chini

Huu ndio msimbo unaokula pesa nyingi kuliko yote, kwa sababu mtu anauona na kusema "pampu". CA559 ni presha ya reli chini ya inayotakiwa. CA2249 ni ileile lakini imezidi ubaya. Opereta atakwambia mashine ni nzuri bila mzigo, ikichimba udongo mgumu inazama resi, inatoa taa, nguvu zinapungua. Pampu ya presha ya juu ndiyo kitu cha mwisho katika uchunguzi, si cha kwanza, na sababu ni bei na uwezekano kwa pamoja.

Anza kwenye tanki. Fungua kifuniko mashine ikiwa imechoka: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na injini ikapata nafuu, tundu la kupumulia limeziba. Fungua bomba la chini la tanki utoe maji na tope kwenye ndoo safi, uangalie kilichotoka. Chujio cha ndani ya tanki huwa limefunikwa na matope au vipande vya kitambaa.

Upande wa kuvuta, kati ya tanki na pampu ndogo ya kulishia, ndiyo sehemu yenye hila. Pale dizeli inavutwa, haisukumwi. Bomba lenye ufa halivuji dizeli nje, linaingiza hewa ndani, kwa hiyo chini kunakuwa kukavu na fundi anapita. Funga kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani kabla ya pampu ya kulishia, washa, panda resi, tazama. Mapovu madogo yanayoendelea baada ya dakika kadhaa ni jibu. Klipu, oringi ya filta ya kwanza na kikombe cha kutenganisha maji ndivyo vya kukagua.

Filta mbili. Ya kwanza inatenganisha maji, ya pili ndiyo kuu, inachuja uchafu mdogo kabisa. Ile kuu usiijaze dizeli kwa mkono kabla ya kuifunga: dizeli ya dumu itaingia upande uliokwisha kuchujwa na uchafu wake utakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli. Ifunge ikiwa tupu, kisha tumia pampu ya mkono ya kutolea hewa mpaka iwe ngumu. Filta za bandia zinazoporomoka ndani ni chanzo cha CA559 kinachorudi kila baada ya wiki mbili. Ikate ile kuukuu kwa msumeno na utazame karatasi yake.

Ubora wa dizeli unaingia hapa. Mafuta ya taa yakichanganywa, ulainishaji unapungua, na pampu pamoja na nozeli hulainishwa na dizeli hiyohiyo. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchakachua. Ukikuta vumbi la chuma linalong'aa ndani ya filta au kwenye IMV, yaani vali inayopima dizeli inayoingia kwenye pampu, pampu imeanza kujila, na kubadilisha pampu bila kusafisha reli, mabomba na nozeli ni kuiua pampu mpya pia.

Upande wa kulishia ukiwa mzima, sasa tafuta presha inakopotea. Tahadhari kwanza: usilegeze nati ya bomba la presha ya juu injini ikiwaka, hata kidogo, hata kama uliwahi kufanya hivyo kwenye lori la zamani. Dizeli ya reli hutoboa ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na mkono unaoza ndani. Jeraha dogo la namna hiyo ni la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Zima, subiri dakika kadhaa, ndipo ufungue.

Kwenye reli kuna vali ya kupunguza presha. Chomoa bomba lake la marejesho, elekeza kwenye chupa, washa injini resi ya chini. Kisitoke kitu. Ikitiririka, vali haifungi, na hapo umepata. Mara nyingi vali hiyo imeharibiwa na historia: iliwahi kufunguka kwa nguvu kwa sababu ya CA449, presha juu mno, na haikukaa vizuri tena. Ndiyo maana ya kusoma kumbukumbu ya zamani. IMV ikikosa umeme hubaki wazi, pampu inasukuma kila ilichonacho, na vali ya reli inafunguka. Kwa hiyo ukiona CA272 ya zamani, yaani saketi ya IMV imekatika, pamoja na CA559 ya sasa, kuna uwezekano mkubwa ni hadithi moja.

Kama vali inafunga, tazama nozeli. Kwenye injini hii marejesho ya nozeli zote sita yanapita ndani ya kichwa cha silinda na kutoka kwenye bomba moja. Huwezi kuweka chupa sita kama kwenye pikapu. Pima jumla kwa dakika moja na ulinganishe na kitabu. Ikizidi, ziba tundu moja la reli kwa kifuniko maalumu cha chuma chenye uwezo wa presha hiyo, piga stata, tazama presha ya reli. Fungua, hamia silinda nyingine. Silinda ambayo ukiiziba presha inapanda wazi ndiyo inayovuja. Boliti iliyochongwa mtaani haifai kwa kazi hii.

Kabla hujailaumu nozeli yenyewe, toa kile kipande cha chuma kinachopita kando ya kichwa na kuibeba dizeli hadi kwenye nozeli. Ncha yake inabana chuma kwa chuma. Ikiwa na mkwaruzo, au kama aliyefunga mwanzo alikaza nozeli hadi mwisho ndipo akaingiza hicho kipande, hakitakaa sawa, na marejesho yatakuwa makubwa hata nozeli zikiwa mpya. Utaratibu ni: nozeli ikalishwe kidogo, kipande kibanwe kidogo, nozeli ikazwe kwa kipimo cha kitabu, kisha nati ya kipande ikazwe kwa kipimo chake. Gereji isiyo na spana ya kupimia nguvu isiiguse kazi hii.

Sasa, baada ya yote hayo, pampu.

Misimbo ya nozeli haiendi kwa namba za silinda

CA322 ni silinda ya 1. CA323 si ya 2, ni ya 5. CA324 ni ya 3, CA325 ya 6, CA331 ya 2 na CA332 ya 4. Soma tena: 1, 5, 3, 6, 2, 4. Ni mpangilio wa kuchoma wa injini hii. Nozeli nzima ya silinda ya 2 hung'olewa bure kwa sababu ya CA323.

Misimbo hii ni ya umeme, kwa hiyo ipimwe kwa umeme. Koili ya nozeli ni chini ya omu moja au imezidi kidogo: kati ya 0.4 na 1.1. Kwanza gusanisha ncha za multimita zenyewe uone ukinzani wa nyaya zake, kisha uutoe; bila hivyo utaikataa nozeli nzima. Kati ya koili na bloku isome zaidi ya kilo-omu 100. Kagua waya chini ya kifuniko cha vali, pale unapopita ukutani, kwa sababu oili moto hukausha mpira wake. Nati mbili ndogo zinazobana waya juu ya nozeli ni dhaifu; ukizikaza kama boliti ya kawaida, skrubu inakatika na nozeli imekwisha. Injini ikiwaka usishike nyaya hizo, zina volti zinazoweza kukurusha.

Misimbo ya nozeli tatu za mbele ikija pamoja, au tatu za nyuma, si nozeli tatu. Mara nyingi ni plagi ya pamoja au kompyuta.

Sensa za mzunguko na mtandao

CA689 ni sensa ya mzunguko kwenye crankshaft, CA778 ni ya akiba kwenye camshaft. Ikifa moja, injini huwaka kwa kuchelewa. Zikipotea zote mbili unapata CA115 na stata itazunguka mpaka betri ichoke. CA731 inasema zote zinaona lakini hazikubaliani. Hiyo ikitokea baada ya injini kufunguliwa, kagua alama za gia za taimingi kabla ya kununua sensa.

Kompyuta zikiacha kuongea, zima ufunguo na pima ukinzani kati ya nyaya mbili za CAN, mtandao unaounganisha kompyuta za mashine. Kwenye soketi ya duara ya matundu tisa ni C na D; A ni hasi na B ni chanya. Isome omu 60. Ikisoma 120, kizuizi kimoja cha mwisho (ukinzani unaofungwa kwenye ncha ya mtandao) kimetoka au waya umekatika. Karibu na 40, mtu ameongeza kifaa chenye kizuizi chake, mara nyingi kifaa cha kufuatilia gari. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Kisomeo cha bei nafuu cha magari madogo kwa kawaida hakisomi J1939 hata ukitengeneza kebo ya kuunganisha.

Mashine za Tier 4

PC200-8, Cat 320D na Hitachi ZX200-3 ni Tier 3 (ngazi ya sheria za moshi wa injini iliyotangulia Tier 4), hazina chujio la masizi wala AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa egzosi). Vizazi vilivyofuata kwa soko la Japani, Ulaya na Marekani vina mifumo hiyo, na vinataka dizeli isiyozidi ppm 15 (sehemu 15 kwa milioni) za salfa, wakati kiwango kilichowekwa Afrika Mashariki Januari 2015 kilikuwa ppm 50. Ukiona SPN 3251, 3719, 1761 au 3226 kwenye mashine unayotaka kununua, hiyo ni mifumo ya egzosi inayolalamika, na kompyuta itapunguza nguvu hatua kwa hatua mpaka ifike resi ya chini. Hesabu gharama ya AdBlue, ya kusafisha chujio na ya fundi mwenye programu ya kampuni kabla ya kulipa. Ushauri wangu kwa saiti zilizo mbali na mji: chukua Tier 3, hata kama ina saa nyingi zaidi.

Kufuta na kujaribu

Ukimaliza, futa kumbukumbu ya umeme kwa mfuatano uleule wa kushikilia 4 na kubonyeza 1, 2, 3 ukiwa kwenye ukurasa wake. Kisha ipashe mashine moto mpaka maji yafike joto la kazi, resi ya juu, ujaze ndoo na kuishikilia mwisho wa silinda kwa sekunde chache ili haidroliki ivute nguvu zote, huku mtu mwingine akitazama presha ya reli na ya turbo kwenye monita. CA559 haiji mashine ikiwa imesimama kivulini. Mashine ikikaa saa moja ya kuchimba bila mstari mpya, chukua picha ya ukurasa mtupu pamoja na geji ya saa, uziweke na picha za mwanzo kwenye faili la mashine.